Unakwenda kufanya kazi ng'ambo: gari unaliacha kwa jina la nani?

Wiki chache zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, msikilizaji wetu mmoja wa Iramba alitutumia ujumbe huu: "Nimepata kazi Oman, mkataba wa miaka miwili. Nina Noah yangu. Mdogo wangu anataka nimwachie, mke wangu anasema niuze, mama anasema niifungie uani hadi nirudi. Nishike la nani?"

Tuliusoma hewani, na simu zikaanza kuingia. Kuna waliosema undugu kwanza, mwachie mdogo wako. Kuna waliosema gari la kuachiwa halidumu, uza. Mzee mmoja alisema gari ni kama ng'ombe, ukimwacha kwa jirani usimuulize maziwa. Tulicheka naye. Lakini kipindi kilipokwisha tuligundua kwamba katika simu zote zile, ni msikilizaji mmoja tu aliyeuliza swali tulilokuwa tunalisubiri: "Kadi ya hilo gari ina jina la nani?"

Katika makala haya tunalichukua swali hilo na kulifungua polepole. Tunayoeleza yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili, kwa hiyo msikilizaji wa huko aulize kwanza mamlaka za huko.

Kwa nini swali hili limekuwa kubwa

Zamani aliyekwenda ng'ambo alikuwa mwanafunzi au mtumishi wa serikali. Leo ni dereva, muuguzi, fundi umeme, binti wa kazi za nyumbani. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, umekuwa ukitangaza nafasi za kazi nje ya nchi, na nchi za Ghuba kama Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zinawavuta wengi. Mikataba mingi ya huko ni ya miaka miwili. Muda huo si mrefu kiasi cha kuuza kila kitu, na si mfupi kiasi cha kusema nitarudi wiki ijayo.

Na vijijini kwetu, ukiondoa shamba, nyumba na mifugo, mali kubwa ya mtu huwa ni chombo cha moto. Inaweza kuwa pikipiki, bajaji, Noah ya abiria au gari dogo la kutembelea. Watu huogopa kukiuza kwa sababu wanajua bei ya kupata kingine. Gari linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda pale gari linapokuwa kuukuu. Ndiyo maana hata gari lililotumika miaka mingi bado lina bei hapa kwetu. Mtu anajiuliza: nikiuza leo, nitakuja kulipata lini jingine?

Hofu hiyo ina msingi. Lakini inawafanya wengi waache gari bila uamuzi wowote. Wanatoa ufunguo, wanapanda basi la kwenda Dar es Salaam, na mengine wanasema yatazungumzwa kwa simu.

Kadi haisafiri nawe

Kadi ya gari, ile inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, inataja jina la mwenye chombo. Serikali, polisi, kampuni ya bima na mahakama wote huanzia kwenye jina hilo. Wewe unaweza kuwa Muscat, lakini jina lako liko barabarani kati ya Singida na Nzega, linakimbia na mtu mwingine kwenye usukani.

Angalia faini. Kosa la barabarani linapoandikwa, kiwango kilichozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na ukichelewa kulipa deni linaongezeka. Kosa likinaswa na tochi, deni linakaa kwenye namba ya gari. Dereva anaweza kunyamaza mwaka mzima. Siku unapotaka kuuza gari, au siku trafiki anapolisimamisha na kuangalia namba kwenye kifaa chake, madeni yote yanajitokeza kwa pamoja. Habari njema ni kwamba mfumo wa Jeshi la Polisi unakuwezesha kuangalia madeni kwa namba ya gari kupitia intaneti, hata ukiwa nje ya nchi. Tunashauri uangalie kila mwezi, kama unavyoangalia salio.

Ajali ni jambo zito zaidi. Dereva aliyesababisha ajali hujibu kosa lake la jinai mwenyewe. Lakini aliyeumia au familia ya marehemu inapodai fidia, kwa kawaida hawamshtaki dereva peke yake. Huunganishwa na mwenye gari pamoja na kampuni ya bima. Kama dereva alikuwa kwenye shughuli yako, mahakama inaweza kukubebesha wewe mzigo. Na kama gari uliliuza kwa maneno tu, bila kubadili jina, kazi ya kuthibitisha kwamba si lako tena inakuwa yako, nawe uko mbali na mashahidi wako.

Kisha kuna uhalifu. Gari likibeba mali ya wizi au mirungi, polisi wakishapata namba wanatafuta jina. Watakaofuatwa kwanza ni mkeo, mzee wako, au yeyote aliye kwenye anwani uliyoacha.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana nani apewe ufunguo, familia ijiulize jina la nani litabaki kwenye kadi, na huyo mwenye jina atawezaje kujibu akiwa mbali. Tukishika swali hilo, kila njia inaonekana ilivyo.

Njia ya kwanza: kuuza

Kuuza ndiko kunakokata mzizi, ikiwa kumefanywa hadi mwisho. Mwisho wake ni TRA. Kuhesabu fedha mezani hakumalizi kazi. Mnaandika mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye picha za wote wawili. Muuzaji na mnunuzi wote wawe na TIN na vitambulisho, na kadi halisi iwepo. Kisha mnaomba uhamisho wa umiliki.

Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikivitangaza, ada ya kuhamisha gari ni shilingi 50,000, kadi mpya shilingi 10,000, na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la shilingi milioni 10, hiyo ni 50,000, jumlisha 10,000, jumlisha 100,000, jumla shilingi 160,000. Kwa pikipiki ada ya uhamisho ni shilingi 27,000. Pikipiki ya shilingi milioni 1 na nusu itagharimu 27,000, jumlisha 10,000, jumlisha 15,000, yaani shilingi 52,000. Pitia ofisi ya TRA ya wilaya yako kabla ya kupanga, maana bajeti mpya inaweza kugusa viwango.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mnunuzi anasema: "Kaka, nipe kadi, nitabadilisha mwenyewe nikipata nafasi." Nafasi haipatikani. Analiuza gari kwa mwingine, naye kwa mwingine, na wote wanatembea na kadi yenye jina lako. Kama mnunuzi hataki kulipa ada, ni heri umpunguzie bei kidogo mkaifanye kazi hiyo pamoja siku hiyo hiyo. Shilingi 160,000 ni ndogo ukilinganisha na kutafutwa na mahakama ukiwa nchi ya watu.

Jambo la pili katika kuuza ni muda. Dalali akishajua una tiketi mkononi, bei inashuka. Anza kutafuta mnunuzi miezi miwili au mitatu kabla.

Na la tatu ndilo lililotufanya tumpigie simu msikilizaji wetu wa Iramba. Tulimuuliza: viza umeipata? Akasema bado. Mkataba wa kazi umeusoma? Akasema ameambiwa upo. Noah alikuwa anataka kuiuza haraka ili amlipe wakala aliyemwahidi kazi, na tayari kulikuwa na mtu aliyetaka kutoa fedha za utangulizi.

Wapenzi wasikilizaji, hapa tusimame kidogo. Mawakala binafsi wa ajira wanatakiwa kuwa na leseni, na TaESA ndiyo mahali pa kuuliza kama wakala fulani anatambulika. Usiuze chombo kinacholisha familia kwa ahadi ya mdomo. Utaratibu uwe huu: kwanza wakala athibitishwe, kisha mkataba uusome wewe au usomewe na mtu unayemwamini, kisha viza, ndipo gari. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kujikuta huna kazi na huna gari, na mtu wa kumlaumu hapokei simu.

Njia ya pili: kumwachia ndugu

Hii ndiyo njia ya wengi, na hatuisemi vibaya. Gari linaweza kumpeleka mama hospitali, kubeba mazao na kumsaidia mdogo wako kuanza maisha. Tatizo lake ni aibu. Tunaona haya kuandikishana na ndugu. Tunasema, "Nimwandikishe mdogo wangu kwani ni mwizi?" Matokeo yake gari likiharibika injini, mmoja anasema ni lako, mwingine anasema ulitumia wewe, na undugu unaharibika pamoja na injini.

Kama unajua moyoni kwamba gari hulirudii, basi mpe kweli. Hamisha umiliki, awe na jina lake, faini zake na bima yake. Zawadi iliyokamilika huleta shukrani. Zawadi nusu huleta kesi.

Kama bado ni lako, mambo manne yaandikwe hata kwenye karatasi moja, mbele ya mashahidi wa familia. Nani ataendesha, na leseni yake ni ya daraja linaloruhusu chombo hicho. Nani atalipa bima, matengenezo na faini. Gari litatumika kwa shughuli gani. Na likitaka kuuzwa, nani aulizwe kwanza.

Bima isikilizwe kwa makini. Sheria inataka kila chombo kinachotembea barabarani kiwe na bima ya angalau kuwalinda watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Lakini bima hutolewa kwa matumizi yaliyoandikwa. Gari likikatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha mdogo wako akaanza kubeba abiria wa mnada, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Mwambie ukweli wakala wa bima kabla hujasafiri.

Na kadi halisi usiiache ndani ya gari, wala kwa anayeendesha. Siku hizi kuna mikopo mingi inayotolewa kwa dhamana ya kadi. Ndugu mwenye shida ya usiku mmoja anaweza kuiweka rehani, ukaja kujua gari limeshachukuliwa. Dereva abaki na nakala. Halisi iwe kwa mtu mwingine, kama mkeo, mzazi au wakili.

Kuhusu mkeo au mumeo, tunasema hivi: huyo ndiye atakayegongewa mlango. Si haki uamuzi ufanywe na wanaume watatu kwenye kijiwe halafu yeye aambiwe usiku wa kuamkia safari. Katika familia nyingi fedha za gari lile zilitoka kwenye alizeti mliyolima wote wawili.

Njia ya tatu: kuliweka kwenye hesabu au mkataba

Wengine wanaona gari au pikipiki ibaki inazalisha. Dereva alete hesabu kila siku au kila wiki. Kwa pikipiki, kuna mtindo wa mkataba: kijana analipa kidogo kidogo, akimaliza kiasi mlichokubaliana chombo kinakuwa chake.

Inaweza kufanya kazi, lakini haijiendeshi. Gari la abiria linahitaji leseni ya LATRA, bima ya biashara, na kodi inayohesabiwa kwa TIN ya mwenye chombo. Hayo yote yanaendelea kudaiwa kwa jina lako hata mwezi ambao dereva hakuleta hesabu. Lazima kuwe na msimamizi nyumbani ambaye analifahamu gari, anamjua fundi, na hamwogopi dereva.

Kwenye pikipiki ya mkataba kuna jambo ambalo watu hulisahau. Kijana akimaliza kulipa na wewe uko Doha, nani atasaini uhamisho? Tunashauri kabla ya safari uandikishe kwa wakili hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria inayompa mtu mmoja ruhusa ya kusaini kwa niaba yako. Hati hiyo itaje namba ya chombo, itaje anachoruhusiwa kufanya, na iwe na mwisho wa muda. Usitoe hati pana inayosema afanye lolote kwa mali zako zote. Ukikumbuka jambo hili ukiwa tayari nje, itakubidi uanze safari za ubalozini kuthibitisha nyaraka, na waajiri wengi hawatoi ruhusa ya mara kwa mara.

Njia ya nne: kulifungia uani

Mama wa msikilizaji wetu alisema gari lifungiwe. Miaka ya nyuma tungemwambia deni litaendelea, kwa sababu kulikuwa na ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, na watu wengi walikuta madeni makubwa kwenye magari yaliyolala. Ada hiyo ilifutwa kuanzia Julai 1, 2017, na Serikali ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Kwa maneno mengine, anayetembea ndiye anayelipa, na gari lililolala halidaiwi ada ile tena. Na kwa kuwa bima ya lazima inahusu chombo kinachotumika barabarani, gari lililo ndani ya uzio na halitoki haliko kwenye sharti hilo. Likitoka hata kwenda kwa fundi tu, liwe na bima.

Kwa hiyo wazo la mama si baya kwenye karatasi. Adui wa gari lililolala ni muda wenyewe. Betri inakufa. Matairi yanalalia upande mmoja na kupasuka kwa jua. Petroli iliyobaki kwenye tangi inachacha. Breki zinashika kutu, na panya wanakula nyaya. Kwa miezi sita unaweza kuokoa mengi kwa kulitoa betri, kuliinua juu ya mawe, kulifunika, na kumlipa fundi aliwashe mara kwa mara. Kwa miaka miwili, jiulize kama bei utakayolikuta nayo, ukitoa gharama za kulifufua, inazidi fedha ambazo ungezipata leo na kununua mbuzi, mabati au kiwanja.

Kusafiri nalo, au kurudi na jingine

Wapo waliotuuliza kama gari linaweza kupelekwa huko huko. Kwa anayekwenda Ghuba jibu letu ni fupi: usihangaike. Huko wanaendesha upande wa kulia wa barabara na magari yao yana usukani kushoto, na gharama ya meli na usajili itameza thamani ya Noah.

La kukumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea kuishi nyumbani, kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Kuna masharti, na usukani wa kushoto ni shida barabarani kwetu, kwa hiyo uliza TRA kabla hujanunua chochote. Tunalitaja hili ili anayeuza leo kwa uchungu ajue kwamba mlango wa gari jingine haujafungwa.

Tunachokiona sisi

Tukiulizwa msimamo wetu, tunasema hivi. Ukienda kwa miezi michache, fungia. Ukienda kwa miaka miwili au zaidi na nyumbani hakuna mtu anayelihitaji kila wiki, uza na uhamishe jina. Kama kuna anayelihitaji kweli, ama mpe liwe lake, ama mwandikishane kila kitu. Njia tunayoikataa ni moja: kuacha ufunguo, kuacha kadi yenye jina lako, na kuondoka.

Kabla ya kupanda basi, chukua simu yako upige picha kadi mbele na nyuma, stika ya bima, mkataba, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Mtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Halafu waite mkeo au mumeo, wazazi na huyo ndugu anayetaka ufunguo, mkae pamoja, na mseme mbele ya wote gari ni la nani kuanzia kesho.

Msikilizaji wetu wa Iramba bado yuko nyumbani. Alirudisha fedha za utangulizi na anasubiri kuthibitishiwa habari za wakala wake. Alituambia mdogo wake amemkasirikia, kwa sababu alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba Noah ni yake. Mama yake, yeye, ameshaanza kusafisha uani.